Hofu Yetu Tuibebe Sisi: Waraka kwa Wazazi wa Askari

KWA: Wanachama wote wa kikundi chetu, akina baba na akina mama, pamoja na mashangazi, wajomba, mabibi na mababu mliolea.

YAH: VIJANA WETU WANAOKWENDA OPERESHENI KWA MARA YA KWANZA

Ndugu wazazi wenzangu,

Naandika kwa sababu majina yametoka. Baadhi yetu tumeambiwa na vijana wenyewe, kwa ile sauti yao ya kulifanya jambo liwe dogo, kwamba wamo kwenye kikosi kijacho cha kwenda Kongo. Tangu hapo simu yangu haipoi. Mama mmoja ananiambia chakula hakishuki. Baba mmoja, mtu mkimya kwa asili, alikuja kwangu akakaa barazani jioni nzima akizungumzia bei ya mahindi. Aliaga, akafika getini, akageuka na kuuliza: "Hivi mwenyekiti, kutoka Beni mpaka Goma ni mbali?" Hilo ndilo lililomtoa nyumbani kwake.

Mmeniomba niseme neno. Ninalo moja, na yote yanayofuata yanatoka humo: hofu hii ni yetu sisi wazazi, basi tuibebe sisi kwa sisi. Tusimtwishe kijana ambaye tayari amebebeshwa bunduki, redio na maisha ya wenzake. Mwanangu wa pili alikwenda Kivu Kaskazini akarudi, na ninayoyaandika hapa mengi nimeyajua kwa kumsubiri yeye na kwa kukaa na ninyi mliosubiri kabla yangu.

1. TUSIDANGANYANE KUHUSU WAENDAKO

Wapo wanaotutuliza kwa kusema, "Ni kulinda amani tu, hakuna vita kule." Wanasema kwa wema, lakini mzazi aliyelishwa maneno hayo atababaika vibaya siku atakaposikia taarifa ya kwanza ya mapigano. Afadhali tujue.

Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098. Kwa azimio hilo kikaundwa, ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, kikosi cha kujibu mashambulizi chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kikosi kile hakikutumwa kusimama katikati ya wagombanao. Kilipewa amri ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyavunja nguvu, na kabla mwaka haujaisha waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, kikosi hicho kikisonga mbele pamoja na jeshi la Kongo. Ushindi ule ulitugharimu damu.

Nje ya Kongo nako, mwaka huohuo, Julai 2013, walinda amani wetu 7 waliuawa kwa kuviziwa Darfur, Sudan. Usiku wa Desemba 7, 2017 kambi ya askari wetu huko Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi na watu wanaoaminika kuwa waasi wa ADF. Vijana wasiopungua 14 walipoteza maisha na makumi wakajeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Aprili 2024, huko huko Kongo, safari hii chini ya kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), kombora liliangukia karibu na kambi na kuua askari wetu 3. Januari 2025 M23 waliporudi na kuingia Goma, tulipoteza askari wengine 2, kama lilivyotangaza Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Nayataja haya kwa heshima ya wazazi wenzetu walioyapitia, na kwa sababu mzazi anayejua hutulia kuliko anayekisia. Gizani hofu hunenepa.

Lakini upande wa pili wa ukweli nao tuushike. Maelfu ya vijana wa nchi hii wamekwenda Darfur, Lebanon, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakamaliza muda wao na kurudi. Wengine tunapishana nao sokoni bila kujua. Hakuna anayeokotwa njiani na kupandishwa ndege. Kijana amepita mafunzo ya awali, amekaa kikosini, kisha amepewa mafunzo maalumu ya operesheni kabla ya kukabidhiwa bendera ya Taifa. Umoja wa Mataifa hupendelea nchi zipeleke askari wenye angalau miaka 21, na kwa hali yoyote asiwepo aliye chini ya miaka 18. Umejiwekea pia kipimo cha kumhudumia majeruhi: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, wahudumu wa dharura ndani ya saa 1, na upasuaji ndani ya saa 2. Vita haviheshimu saa kila mara, lakini kipimo kipo, na kijana aliye kando ya mwanao amefundishwa kuzuia damu.

Tukumbuke pia anakwenda kwa nani. Beni na vijiji vyake ni mahali ambapo mkulima hutoka asubuhi na jembe asijue kama atarudi. Wazazi wa kule wamezika watoto waliouawa mashambani na vitandani. Nao wanazungumza Kiswahili. Mama wa Kivu anapofika kwenye lango la kambi kuomba msaada, kijana wako anamwelewa bila mkalimani, na hilo ni jambo ambalo askari wa mataifa mengi hawana. Hofu yetu ni kubwa, lakini ipo ya mzazi mwingine upande wa pili wa mpaka, naye anawategemea hao tunaowalilia.

2. SIMU

Hapa ndipo naomba mnisikilize zaidi, maana ndipo tunapowaumiza vijana huku tukidhani tunawapenda.

Mwanangu aliporudi alinisimulia kuhusu mwenzake wa hema moja. Jioni moja kijana yule alipata mtandao, akampigia mama yake. Mama alilia tangu "haloo" mpaka simu ikakatika. Kijana akabaki ameketi kitandani, simu mkononi, sahani ya ugali na maharage ikipoa pembeni, mpaka saa ya kuingia lindo. Sajenti alimtazama usoni, akamwambia akae. Zamu yake ikachukuliwa na mwingine aliyekuwa ametoka lindo muda si mrefu. Fikirini hapo: machozi ya nyumbani yalimtoa askari mmoja kwenye lindo na kumnyima mwingine usingizi, mahali ambapo macho mazito ya mlinzi yanaweza kugharimu kambi nzima.

Mama yule hakukosea kuumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ila uchungu ule ulikuwa na pa kwenda pengine: kwa dada yake, kwa mchungaji wake au imamu wake, kwangu mimi, kwa yeyote kati yenu. Kwa hiyo nasihi hivi. Kabla ya kupokea simu yake, kama moyo umejaa, vuta pumzi na ukae chini. Mwache aongee kwanza. Mpe habari za nyumbani za kawaida kabisa: mbuzi amezaa pacha, mdogo wake amefaulu hesabu, paa la jikoni limeshaezekwa, Simba na Yanga wametoka sare. Kwenu ni mambo madogo. Kwa kijana aliye porini ni uthibitisho kwamba kule anakotoka bado kupo na kunamngoja.

Usimuulize yuko wapi, wako wangapi, wanatoka lini, wanapita njia gani. Majibu hayo hayakusaidii kitu, na simu husikilizwa na wengi. Akikutumia picha, ibaki kwako. Picha moja ya kijana anayetabasamu inaweza kuonyesha mlima, barabara au mnara nyuma yake, na adui anayeijua nchi yake hahitaji zaidi ya hapo.

Na akinyamaza? Kukosa simu si habari ya msiba. Kuna siku wako doria, kuna siku mtandao haupo, na kuna siku viongozi wao huzuia simu zote kwa makusudi kwa sababu jambo fulani linaendelea. Kubalianeni naye kabla hajaondoka kwamba hatakuahidi kupiga kila siku, maana ahadi ya kila siku ikivunjika mara moja tu humtesa mzazi usiku kucha na kumwekea kijana deni asiloweza kulilipa.

Ikitokea yeye ndiye anataka kusema kwamba anaogopa, usimkatishe kwa "jikaze mwanaume" wala "wewe ni mwanajeshi bwana." Tuna mabinti pia katika vikosi hivi, nao huambiwa maneno ya aina hiyohiyo. Msikilize mpaka amalize. Mwambie kwamba kuogopa hakumwondolei ushujaa, na umuulize kama ameongea na kiongozi wake au na mwenzake anayemwamini. Kisha ukikata simu ndipo unipigie mimi, hata kama ni usiku wa manane. Kwa ajili hiyo mlinichagua.

3. HABARI NA UVUMI

Wengi mnakumbuka mwishoni mwa Januari 2025. Goma ilipoanguka, makundi ya WhatsApp yalijaa picha za miili, sauti za watu wasiojulikana, na orodha za majina zilizoandikwa na nani hajulikani. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na askari wa SADC wakabaki kambini miezi kadhaa. Machi 13 wakuu wa nchi za SADC waliamua kuhitimisha kazi ile, na Aprili 29 msafara wa kwanza ukaanza kutoka kwa barabara kupitia Rwanda kuelekea Chato. Kati ya Januari na siku ile, kila aliyekuwa na mtoto kule aliishi na simu mkononi, na uvumi ulikuwa mwingi kuliko taarifa.

Tujiwekee utaratibu sasa, kabla mambo hayajatokea. Asiwepo mwanachama atakayerusha picha ya maiti au majeruhi kwenye kundi letu, hata kwa nia ya kuuliza. Mama wa kijana huyo anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuifungua. Asiwepo atakayetaja jina la aliyedhaniwa kufa au kupotea. Taarifa za vifo husafiri kwa njia yake: kutoka uwanja wa operesheni kwenda makao makuu, kutoka makao makuu kwenda kwa familia, ndipo zitangazwe. Umoja wa Mataifa wenyewe hauweki majina hadharani kabla familia haijaambiwa. Jina likitajwa mtandaoni kabla ya hapo, aliyelitaja amebahatisha au amekiuka utaratibu, na sisi tusiwe wa kumsaidia kulisambaza.

Kila zikitokea tetesi, mtu mmoja tu kati yetu, katibu, ndiye atakayewasiliana na ofisi ya kikosi kuuliza. Wazazi wote tukipiga simu kwa pamoja, ofisi ile inazibwa na sisi wenyewe tuliotaka kusaidiwa nayo.

4. PESA

Kijana akipangiwa kikosi cha Umoja wa Mataifa, ukoo mzima huanza kuhesabu dola ambazo hazijaonekana. Mjomba ana ada, shangazi ana bati, binamu ana mtaji wa bodaboda. Wanachama wapya waelewe jinsi ilivyo: Umoja wa Mataifa huilipa serikali iliyotoa askari, na askari hupata posho yake kwa taratibu za jeshi lake. Hizo si fedha za kujenga mji mzima.

Mzazi, wewe ndiye mlango. Waambie ndugu zako waziwazi kwamba maombi yote yapitie kwako, na kwamba jibu kwa sasa ni "tumngoje arudi." Kijana asiletewe orodha ya shida za ukoo akiwa kwenye hema. Atatuma, kwa sababu anawapenda na kwa sababu anadhani huenda asirudi, na huko ni kumnyonya mtu kwa hofu yake.

Na akikutumia fedha za kiwanja au za kuinua nyumba yake, zifanye kazi hiyohiyo. Weka risiti za saruji na nondo kwenye bahasha moja, mpige picha fundi akiwa kazini, andika kilichotumika. Wapo vijana waliorudi wakiwa wazima wa mwili, wakakuta msingi ulioota majani na fedha zimeliwa na watu wa damu yao. Jeraha la namna hiyo halina hospitali.

5. YA KUMWAMBIA KABLA HAJAONDOKA

Tangu operesheni za kulinda amani zilipoanza mwaka 1948, zaidi ya walinda amani 4,000 wa mataifa mbalimbali wamefariki kazini. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na maradhi na ajali, wala haikutokana na risasi. Sisi wazazi tunakesha tukiwaza makombora, kumbe malaria na gari lililopinduka ni maadui walio karibu zaidi. Kwa hiyo ukitaka kumsumbua, msumbue kwa haya: alale ndani ya chandarua, ameze dawa za kinga alizopewa bila kuruka siku, afunge mkanda kwenye gari, avae helmeti hata jua likiwa kali, anywe maji yaliyotibiwa. Haya ni maneno ya mzazi tangu utotoni, naye kijana atayacheka, lakini atayafuata kwa sababu yametoka kwako.

Lipo pia neno zito zaidi. Hofu yetu huwa juu ya mabaya atakayotendewa mtoto. Ni lazima tuhofie pia mabaya anayoweza kutenda. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuondolewa kwa kundi la askari 60 wa Tanzania kutoka kambi moja katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi wa awali kuonyesha kuwa 11 kati yao walituhumiwa kuwanyanyasa na kuwatumia kingono waathirika 4. Ilituuma wengi kuisikia. Haikutosha kuumia.

Askari mwenye chakula, fedha na bunduki akiwa katikati ya watu wenye njaa ana mamlaka makubwa kuliko anavyojijua. Umri wake mdogo hauyapunguzi mamlaka hayo. Umoja wa Mataifa umekataza kabisa, tangu 2003, kubadilishana fedha, kazi, chakula au msaada kwa ngono, na kujamiiana na mtoto wa chini ya miaka 18, hata kama askari atasema alidhani amekua. Makamanda watamsomea kanuni hizo. Lakini kanuni ya kamanda na sauti ya mzazi ni vitu viwili. Mwite ndani, funga mlango, mtazame. Mwambie: binti wa kule ni dada yako. Mkate wa kambi si bei ya mwili wa mtu. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo, usinyamaze kwa kisingizio cha urafiki. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzazi anayeona haya kusema maneno haya leo atayasikia kesho yakisomwa mahakamani.

Naamini vijana wetu wengi ni waadilifu. Ndiyo maana tuwape neno la kushikilia siku ambayo upweke, pombe na wenzao wabaya vitakapokutana.

6. KARATASI

Hili nalipitia kwa haraka, lakini lifanyike. Kabla ya safari, kijana ahakikishe majina ya ndugu wa karibu na wategemezi wake kikosini ni sahihi, yameandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho, na namba za simu ni zile mnazotumia sasa. Kama ana mke, mume au mtoto, wawepo kwenye kumbukumbu hizo hata kama ukoo haujawapokea vizuri. Aandike wosia. Hakuna mkosi ndani ya wosia. Nakala za vyeti, hati ya kiwanja na kitabu cha benki vikae mahali ambapo watu wawili wanapajua.

7. IKIWA HABARI MBAYA ITAKUJA

Sitaki kuliruka hili. Likitokea, litaletwa na maafisa wa jeshi wenyewe, watakuja nyumbani. Mwanachama wa jirani aende saa hiyohiyo, asiende mikono mitupu wala na maswali. Jikoni pachukuliwe na wengine, watoto wafuatwe shuleni, simu ya mfiwa ishikwe na mtu mwingine, na mlango uwe na mtu wa kuwapokea wageni. Kwenye kundi la WhatsApp patakuwa na kimya mpaka familia iseme.

Halafu, baada ya mazishi ya heshima, baada ya arobaini, watu wakishatawanyika, ndipo kazi yetu itaanza. Wafiwa wa Semuliki na wa Darfur bado wako, wengine wako kati yetu. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Taifa huweka mashada. Sisi tuwe tunabisha hodi kwao siku nyingine za mwaka, ambazo hakuna anayezikumbuka. Mzazi aliyepoteza mtoto hatoki kwenye kikundi hiki. Kiti chake kipo, na ndiye mwalimu wetu.

8. AKIRUDI

Kijana unayempokea hatakuwa yuleyule uliyemsindikiza. Wengine hurudi na utulivu mpya unaopendeza. Wengine hawalali, hushtuka mlango ukigongwa, hukasirika kwa jambo dogo, hunywa kuliko zamani, au hukaa chumbani wasitake mtu. Hili tulielewe vizuri: ni kiwewe, ni maradhi ya akili iliyobeba mengi, yana matibabu. Hajarogwa. Hana mapepo ya Kongo. Asipelekwe kwa mganga akapotezewa miezi. Apelekwe kwa daktari, aanzie hospitali ya jeshi iliyo karibu naye, na mzazi afuatane naye bila kuona aibu. Anayetaka sala na dua azipate pia, zikiandamana na tiba.

Msimfanyie sherehe ya fataki usiku wa kwanza. Msimweke katikati ya sebule mbele ya wajomba na kumuuliza ameua wangapi. Swali hilo lisiulizwe kabisa, wala na watoto, wala kwa mzaha. Mpe chakula anachokipenda, kitanda chake, na siku kadhaa za kutofanya chochote. Akitaka kuzungumza atakutafuta, na pengine atakutafuta saa nane za usiku wakati wewe umechoka. Amka umsikilize.

9. NINACHOWAOMBA

Ndugu zangu, mzazi hawezi kumzuilia askari risasi. Hatuwezi kukaa naye lindoni, na hatuwezi kuomba arudishwe kwa sababu sisi hatulali. Kilichobaki mikononi mwetu si kidogo: namna tunavyoongea naye, namna tunavyotunza fedha zake, maneno tunayompa kabla hajaondoka, na nyumba atakayoikuta akirudi. Tukivifanya hivyo vizuri, atapanda ndege akiwa na mzigo mmoja pungufu.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho, kila mwenye kijana aliyeteuliwa achague mwanachama mmoja atakayempigia wakati wowote moyo ukimzidi, na amwambie mtu huyo waziwazi kwamba amemchagua. Wale ambao watoto wao walikwisha kurudi wasikae nyuma wakati huu. Mna ujuzi ambao wenzenu wanauhitaji usiku wa leo. Majina ya jozi hizo yaletwe kwa katibu kikaoni, pamoja na taarifa ya kila mmoja kwamba karatasi za kijana wake zimekaguliwa. Mwenye shida ya nauli ya kuja kikaoni aseme, tutachangishana.

Mungu awatangulie vijana wetu, na sisi atupe nguvu ya kusimama pamoja.

Wenu katika kusubiri na katika matumaini,

Mwenyekiti